Ruhogo Mbele ya Wakwe

Mukashyaka alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya uzio wa mbao, akimtazama binti yake akijaribu kumpanda farasi. Patricia alisimama juu ya kijukwaa, akakusanya hatamu, akainua mguu. Farasi akasogea mbele kidogo. Patricia akashuka, akamzungusha, akamrudisha pale pale, akapanda kijukwaa, akainua mguu. Farasi akasogea. Hakupiga teke wala hakuuma. Alisogea tu kwa upole, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, na msichana wa watu akabaki mguu mmoja hewani.

"Bon," Mukashyaka alisema. "Leo tumekuja kupanda farasi ao tumekuja kucheza ngoma?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Nijue kama nivue koti."

Ilikuwa Machi ya mwaka 2015, na baridi ya Louisville ilikuwa bado haijaamua kuondoka. Bibi Hollis, mwenye shamba, mwanamke mzee wa Kimarekani ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kupanda farasi tangu utoto, alikuwa amewaeleza mapema. Kwenye uwanja wa mbio hakuna anayemfundisha farasi kusimama. Mtunzaji wake humtembeza, mpandaji hurushwa juu ya tandiko huku mnyama anaendelea kutembea, na safari inaanza. Farasi huyu alikuwa ameishi hivyo maisha yake yote. Kwake yeye, mtu akiinua mguu, ni ishara ya kwenda.

Mukashyaka alielewa. Kuelewa hakukumpunguzia hasira hata chembe.

Huyu alikuwa mwanamke aliyekuwa mkuu wa masomo katika shule ya sekondari ya wasichana huko Uvira. Mume wake, marehemu Ruta, alikuwa mkaguzi wa shule, na jina lake lilijulikana kutoka ukingo wa ziwa mpaka milima ya juu ya Itombwe. Mtu akisema "nyumba ya Ruta," watu walirekebisha namna walivyokaa. Sasa Ruta alikuwa amelala katika udongo wa Burundi, walikokimbilia vita, na mjane wake aliogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Louisville, kazi aliyoifanya kwa sare iliyopigwa pasi mpaka kwenye mfuko. Lakini jina alikuwa amelibeba likiwa zima, na hakukusudia lianguke Kentucky.

Ndiyo maana alikuwa hapo juu ya ndoo. Patricia alifanya kazi Jeffersontown, katika ghala la vipuri vya magari, akifunga maboksi siku tano za wiki. Jumamosi alikuja kwa Bibi Hollis kusafisha mabanda, na basi halikufika huko. Kulikuwa na vijana wengi wa ghalani waliojitolea kumsaidia usafiri, na kila mmoja wao alikuwa na moyo mwema sana. Mukashyaka aliwashukuru wote, akachukua ufunguo wa gari lake, akampeleka mwenyewe.

Mwanzoni alikubali kwa sababu ilikuwa kazi ya ufagio. Kisha majira ya baridi akaletwa farasi huyu, mwekundu wa kahawia, mrefu, mwembamba wa tumbo kama mtu anayefunga. Alikuwa amemaliza mbio. Bibi Hollis aliwapokea farasi wa namna hiyo, akawafundisha maisha mengine, akawatafutia watu wa kuwachukua. Walipomfungulia malishoni, alisimama langoni akitazama banda, akangoja arudishwe ndani. Majani yalikuwa chini ya pua yake. Hakujua kwamba majani ni chakula chake.

"Masikini," alisema Patricia siku hiyo, akachuma konzi ya majani, akamlisha mkononi. Akachuma tena. Mukashyaka alipomwona binti yake amechuchumaa kwenye baridi akimwonyesha farasi jinsi ya kula majani, alijua mambo yameharibika.

* * *

Kulikuwa na mengine mengi ambayo farasi hakujua, na alichokijua kilikuwa kibaya zaidi. Mnyama yeyote mwenye akili akivutwa nyuma husimama. Huyu akivutwa nyuma aliongeza mwendo, kwa kuwa kwenye mbio mpandaji hukaza hatamu naye farasi huziegemea ili akimbie vizuri zaidi. Kwa hiyo Patricia alipoogopa alivuta, alipovuta farasi alikimbia, na alipokimbia Patricia aliogopa zaidi. Tena alikuwa amekimbia miaka akizunguka kushoto tu. Kulia kwake kulikuwa nchi ya kigeni. Ukimwomba ageuke kulia aliinamisha shingo huko kwa adabu, na mwili mzima ukaendelea kwenda kushoto.

"Huyu ni kama mwanafunzi anayesema ndiyo mwalimu, halafu haandiki," alisema Mukashyaka.

Aprili alikuja Kayumba, mdogo wake marehemu Ruta, kutoka Columbus. Aliishi Whitehall, pembeni mwa mji huo, akifanya kazi ya ghala kama wengine, lakini ujana wake aliumalizia kwenye ng'ombe wa baba yao milimani. Ndiye aliyekuwa msemaji wa familia tangu kaka yake afariki. Alimzunguka farasi mara mbili, mikono mgongoni.

"Ng'ombe wa rangi hii tunamwita Bihogo," alisema. "Huyu ni dume, donc ni Ruhogo."

"Alihasiwa, baba mdogo," alisema Patricia kutoka juu ya tandiko.

"Usiseme mbele yake." Akamgeukia Mukashyaka. "Shemeji, mnamsumbua huyu mtoto. Mnyama anataka sauti. Tazama."

Akakusanya midomo, akapiga mluzi. Ulikuwa ule wa kunyweshea ng'ombe, mrefu, wa chini, unaoshuka mwishoni. Mukashyaka hakuwa ameusikia tangu alipokuwa msichana, na kwa muda mfupi aliona mgongo wa kilima na ng'ombe wa baba yake wamepanga vichwa majini.

Ruhogo akasimama kabisa. Masikio yakageuka. Akatanua miguu ya nyuma, akajinyoosha, akakojoa. Hakukojoa kidogo. Alikojoa kama bomba la mji lililopasuka, na Patricia juu ya tandiko akiwa ametazama mawinguni.

"Umeona?" alisema Kayumba, kifua mbele. "Ametii."

"Ametii nini, shemeji?"

Kayumba akajaribu tena baadaye, walipokuwa upande wa pili wa uwanja. Farasi akasimama, akajinyoosha, akatafuta alichobakiza. Wakati huo Bibi Hollis alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili akicheka bila sauti, machozi yakimtoka. Alipopata pumzi aliwaeleza. Baada ya mbio farasi aliyeshinda hupelekwa kwenye banda la kupimwa, kuhakikisha hakupewa dawa. Wanahitaji mkojo wake. Basi mtunzaji husimama na kopo, anapiga mluzi, anapiga mluzi, mpaka mnyama anazoea kwamba mluzi maana yake ni hiyo.

Patricia alimpapasa Ruhogo shingoni. "Kumbe alikuwa anashinda," alisema kwa sauti ndogo.

"Hata mshindi anatafuta kona," alisema Mukashyaka. "Twende nyumbani."

Jumamosi iliyofuata alikuwa juu ya ndoo yake, akimenya chungwa, aliposikia mluzi tena. Kayumba alikuwa Whitehall. Akainua macho. Ruhogo alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ametanua miguu, na midomo ya Patricia ilikuwa bado imekusanyika.

"Patricia! Shuka."

"Mama, amesimama! Umeona? Ndiyo mara ya kwanza amesimama nilipotaka."

"Shuka, nimesema." Chungwa lilikuwa limeanguka chini. "Mwanamke hapigi mluzi. Bibi yako hakupiga, mimi sipigi, na wewe hutapiga."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatupigi."

Patricia alijibu kwa Kiingereza kwamba hiyo haikuwa sababu. Alihamia Kiingereza kila alipojua anakaribia kukosa heshima, kana kwamba huko mama yake asingemfuata.

"Sababu utaiona," alisema Mukashyaka. "Itatoka Buffalo kwa gari pamoja na wazazi wa Reginaldi wako wakija kuposa, itakaa mezani pangu, na itauliza: huyu binti amelelewa na nani, na wachunga ng'ombe?"

"Lakini si tulikuwa wachunga ng'ombe?"

"Tulikuwa wenye ng'ombe," alisema Mukashyaka. "Si kitu kimoja."

* * *

Reginaldi alikuwa kijana wa Kirundi aliyekulia katika kambi za Tanzania, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama kitabu. Alifanya kazi ya kiwanda Buffalo na kuishi na wazazi wake Lower West Side. Patricia alikutana naye Columbus, kwenye mkutano wa kwaya. Mukashyaka alikuwa amepeleleza kote: baba, mzee Sipriani, alikuwa mzee wa kanisa aliyeheshimiwa, mama, Angelika, hakuna aliyemsema vibaya. Wangekuja Oktoba kuposa. Tangu siku alipopata habari hiyo Mukashyaka alikuwa na jambo moja tu moyoni: wakwe waje, wamwone binti wa nyumba ya Ruta, waondoke bila kuwa na neno la kunong'onezana njiani.

Kwa hiyo mluzi ukapigwa marufuku, na Patricia, ambaye alikuwa mkaidi lakini si mtoto mbaya, alitii. Ikawa lazima amfundishe Ruhogo kwa njia ndefu. Na njia ilikuwa ndefu kweli. Aprili yote na Mei yote walitembea. Si kukimbia, kutembea. Patricia alijifunza kuachia hatamu pale moyo ulipomwambia avute, kukaa kwa uzito, kutoa pumzi na kusema, "Simama." Farasi akatembea hatua nyingine ishirini akilifikiria neno. "Polepole," Patricia alisema. "Bado. Bado, baba. Geuka." Na alipokuwa amechoka kutoa amri alimsimulia tu habari za ghalani: nani amegombana na msimamizi, nani amefunga boksi la watu wengine. Masikio ya Ruhogo yaligeuka nyuma, moja moja, yakisikiliza.

Mukashyaka alikuja akiwa ametoka zamu ya asubuhi, mgongo unamuuma, akakaa juu ya ndoo na kuwaona watu wawili hawa wakizunguka polepole wakipiga soga. Alikuwa amekata tamaa na wote wawili. Lakini mwalimu ni mwalimu. Bila kutaka, alianza kuona. Aliona farasi akitafuna lijamu taratibu kabla ya kukubali, na akikaza shingo kabla ya kukataa. "Anataka kugoma," alisema kwa sauti, na kabla Patricia hajageuka kuuliza, Ruhogo alikuwa amegoma.

Julai, Patricia alisimama juu ya kijukwaa, akainua mguu, na farasi hakusogea. Patricia akakaa kwenye tandiko taratibu kama mtu anayekaa juu ya yai. Ruhogo akapumua. Mukashyaka alisimama kwa furaha, ndoo ikaanguka na kubingirika kwa kishindo, na farasi akaondoka kwa mbio kuelekea kushoto.

"Mama!"

"Mimi nimefanya nini? Ni ndoo!"

Mwisho wa majira ya joto Bibi Hollis alipata mwanamke kutoka Lexington aliyetaka kumchukua. Mpandaji mzoefu, mwenye farasi wengine wawili. Alipanda, akaomba hiki na kile kwa Kiingereza chake kizuri, na Ruhogo akasimama katikati ya uwanja akimtazama Patricia kwenye uzio. Hakuwa mkaidi. Alikuwa hajaelewa hata neno moja. Mwishowe alianza kula majani, jambo ambalo sasa alilijua vizuri sana.

"Binti yako ameniharibia farasi huyu kwa Kentucky nzima," Bibi Hollis alimwambia Mukashyaka. "Anasikia lugha yenu tu. Mchukueni."

Mukashyaka alifikiri ni mzaha. Wiki hiyo, jikoni, akichambua majani ya sombe, ndipo alipojua haukuwa. Patricia alikuwa amempigia Reginaldi simu. Alikuwa amemwambia kwamba atakwenda Buffalo pamoja na Ruhogo, au hatakwenda. Rafiki wa Bibi Hollis alikuwa na shamba nje kidogo ya Buffalo, nafasi ilikuwepo. Reginaldi alikubali mara moja, kama mapenzi yanavyomfanya mtu akubali. Lakini alikuwa amewaambia wazazi, na mzee Sipriani alikuwa amejibu neno moja: "Huyo farasi nitamwona kwanza."

Mukashyaka aliweka kisu chini.

"Donc unaolewa na farasi, na Reginaldi anawafuata kubeba mizigo."

"Mama, nataka watuone jinsi tulivyo. Kama hawatutaki, heri nijue hapa nyumbani kuliko nijue Buffalo, nimekaa peke yangu."

Lilikuwa jibu la mtu mzima, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

* * *

Wageni, Reginaldi na wazazi wake, walifika Jumamosi ya katikati ya Oktoba. Walikuwa wamelala Columbus na kumchukua Kayumba njiani, na Kayumba alishuka garini akiwa na shavu kama ameficha limau zima. Alikuwa ameng'olewa jino siku iliyotangulia.

"Shemeji, utaongeaje?" Mukashyaka alimnong'oneza.

"Nnitaongea," alisema Kayumba, na mate yakamtoka upande.

Msemaji wa nyumba ya Ruta! Mukashyaka aliuma meno, akatabasamu, akawakaribisha wageni. Chakula kilikwenda vizuri. Mzee Sipriani, mrefu, suti ya kijivu, alikula kwa utulivu na kusifu samaki. Mama Angelika, mnene na mwenye macho mepesi, alitazama kila kitu ukutani, pamoja na picha ya marehemu Ruta aliyevaa tai. Kayumba alianza maneno ya kukaribisha posa, akasema sentensi tatu ambazo hakuna aliyezisikia, na mzee Sipriani akainua mkono kwa heshima.

"Ndugu yangu, pumzisha hilo shavu. Twendeni kwanza tukamwone huyo farasi ambaye mwanangu hamalizi kumtaja. Kisha tutazungumza tukijua tunazungumza nini."

Bandani Patricia alitoka amevaa suruali yake ya kupandia, iliyobana kama soksi. Mukashyaka alimvuta nyuma ya mlango.

"Hutatoka hivyo mbele ya baba mkwe."

"Ndiyo nguo ya kazi, Mama. Miezi yote navaa hii."

"Miezi yote alikuwa anakuona Bibi Hollis." Alikuwa amekuja na kitenge mkobani, kile cha sherehe, cha kijani na dhahabu. "Funga juu yake."

"Ruhogo hajawahi kuona kitenge."

"Leo ataona. Patricia, nimekaa juu ya ndoo tangu baridi. Sijawahi kukuomba kitu. Funga."

Patricia alimtazama mama yake, akakosa nguvu ya kugombana, akafunga.

Uwanjani mambo yalianza vizuri hivi kwamba Mukashyaka alithubutu kupumua. Wageni walisimama mstari mmoja kwenye uzio. Ruhogo alisimama kwenye kijukwaa kama askari wa gwaride. Patricia akapanda, kitenge kikatulia pembeni mwa tandiko, wakatembea. Wakageuka kulia. Kulia! Bibi Hollis akapiga kofi gotini. Reginaldi alikuwa akitabasamu kama mwenye nyumba.

"Mbona anatembea tu?" aliuliza mzee Sipriani.

"Kutembea ndiyo kazi ngumu, mzee," alisema Mukashyaka, na kujishangaa.

Kisha upepo ukavuma. Fundo la kitenge lililegea, ncha moja ikajaa hewa kama tanga, ikapiga ubavu wa farasi. Paa. Ikampiga tena. Na Ruhogo, aliyekuwa amesahau mambo mengi kwa mwaka ule, hakuwa amesahau hili. Kitu kikikupiga ubavuni, maana yake ni mwisho wa mbio, toa ulichobakiza.

Akatoa.

Aliondoka mbio, mwili chini, shingo imenyooka, madongo yakiruka. Kitenge kilifunguka nusu, kikawa kinampiga kila hatua. Patricia aliinamia mbele, na Mukashyaka aliona alichokuwa akikifanya, akapiga kelele, "Achia! Usivute, achia!" lakini Patricia alikuwa ameogopa, na mikono ya mtu aliyeogopa huvuta. Kadiri alivyovuta ndivyo Ruhogo alivyoongeza. Walizunguka uwanja mzima, wakapita mbele ya wageni kama treni. Na upande wa juu lango la kwenda barabarani lilikuwa wazi, kwa kuwa gari la wageni lilipita hapo na hakuna aliyekumbuka kulifunga.

Reginaldi aliruka uzio. Angefika lini, kwa miguu miwili?

"Kayumba! Mluzi!"

Kayumba alikuwa ameshaanza. Alikusanya midomo kwenye lile shavu lake, akapuliza. Ikatoka hewa na damu kidogo. Akapuliza tena. Hewa. Upande wa pili wa uwanja midomo ya Patricia nayo ilikuwa imekusanyika, lakini kinywa chake kilikuwa kikavu, hakikutoa kitu. Farasi alikuwa amelikabili lango.

Mukashyaka alipanda ubao wa chini wa uzio, kwa viatu vyake vya sherehe, kilemba kichwani, wakwe kulia na kushoto kwake. Akalowesha midomo. Mara ya kwanza ulitoka kama kilio cha kifaranga. Mara ya pili ukatoka. Ulikuwa mrefu, wa chini, unaoshuka mwishoni, na ukaenda mbali kuliko ule wa Kayumba wa Aprili. Akavuta pumzi, akaupiga tena, na tena.

Masikio ya Ruhogo yakageuka. Mwendo ukakatika, akajikwaa, akadundadunda, akatembea. Patricia akaachia hatamu, akatoa pumzi. Farasi akageuka upande wa sauti, akaja mpaka mbele ya uzio, mbele ya mzee Sipriani hasa, kana kwamba ameelekezwa. Akasimama. Akatanua miguu.

Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyejua atazame wapi. Kitenge cha sherehe kilikuwa kimedondoka chini yake, na kikapata sehemu yake yote.

Bibi Hollis alikwenda kufunga lango. Mzee Sipriani alivua kofia, akaitazama, akairudisha kichwani.

"Nani amepiga mluzi?" aliuliza. Alikuwa anamtazama farasi wakati wote, hakuona.

"Nni mimi," alisema Kayumba haraka, na shavu lake lile.

Mlango wa kuikwepa aibu ulikuwa wazi. Mukashyaka alihitaji tu kunyamaza. Mzee hakuona. Angelika, kama aliona, hakuwa amesema kitu. Mukashyaka alishuka kwenye ubao, akashika kilemba chake, akakinyoosha.

"Shemeji yangu hawezi hata kusema jina lake leo," alisema. "Ni mimi, mzee. Na kitenge nacho ni mimi. Msichana alikataa, nikamlazimisha, kwa ajili yenu."

Mzee Sipriani alifungua kinywa. Mkewe akamtangulia.

"Hivi," alisema mama Angelika, akiinama kidogo kumtazama Ruhogo usoni, "alisubiri asimame kwanza? Ana adabu. Nina wajukuu ambao hawasubiri."

Reginaldi alifika akihema, akashika lijamu. "Shuka, Patricia. Shuka sasa, imetosha."

Patricia alikuwa mweupe midomoni, mikono imekamata manyoya ya shingo. "Siwezi kushuka."

"Umeumia?"

"Nikishuka sasa, amejifunza kwamba akikimbia kazi inaisha. Kesho atakimbia tena." Akamtazama mama yake, si Reginaldi. "Mama, lazima nianze upya. Kutoka kijukwaani. Bila kitenge."

Mukashyaka alitaka kumwambia ashuke. Alitaka kumshusha kwa mikono yake mwenyewe, ampige, amkumbatie, amwingize garini na asimwone farasi mwingine mpaka kufa. Meza ilikuwa inangoja nyumbani, chai ilikuwa kwenye chupa, na wageni walikuwa wamesimama kwenye matope na viatu vyao vya kanisani. Lakini Jumamosi zote zile juu ya ndoo hazikuwa zimepita bure, na aliona lijamu: Ruhogo alikuwa anaitafuna taratibu.

"Muachie, mwanangu," alimwambia Reginaldi. "Anasema kweli."

"Lakini Mama Patricia, wazee wangu wamechoka, tungerudi nyumbani kwanza..."

"Wageni watangoja," alisema Mukashyaka.

Alisikia maneno yake yakitoka na akajua kwamba nyumba ya Ruta haikuwahi kusema hivyo kwa mgeni, tena mkwe. Hakuyarudisha. Reginaldi aliachia lijamu. Patricia akamrudisha Ruhogo kwenye kijukwaa, akashuka, akasimama, akainua mguu. Farasi akasogea mbele.

"Ee Mungu," alisema Mukashyaka.

Patricia akamzungusha, akamrudisha. Mzee Sipriani alitazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akaegemeza viwiko vyake kwenye uzio, kama mtu aliyekubali kwamba hapa atakaa.

"Basi tuzungumze hapa hapa," alisema. "Ndugu Kayumba, tulikuwa tumefika wapi?"

Kayumba alijaribu. Ilitoka kitu kama maji yanayoingia kwenye chupa. Akamtazama shemeji yake, akafungua mikono yake miwili. Katika posa mwanamke hasemi. Hukaa chumba cha pili akisikiliza ukutani. Mukashyaka alingoja mtu apinge. Mzee Sipriani alikuwa anamtazama yeye tu, na mama Angelika alikuwa amekusanya midomo kimya kimya, akijaribu kitu.

"Mzazi mwenzangu, hapo hutoi sauti," Mukashyaka alimwambia. "Lowesha kwanza. Na usifanye sasa hivi, tafadhali, msichana anapanda." Akamgeukia mzee. "Mmekuja kwa nyumba ya Ruta mkasema mna neno. Lisemeni, nasikiliza. Ila nikikatiza, mniwie radhi, lazima nimwangalie huyu farasi. Patricia! Shingo! Anataka kugoma!"